Wimbo tunaujua, mwimbaji hatumjui: majina ya zilipendwa yalipotelea wapi?

Kila tunapopiga zilipendwa, simu ya studio hupokea ujumbe wa aina moja: "Naombeni ule wimbo wa Msondo wa zamani, alioupenda marehemu baba." Jina la wimbo halipo, la mwimbaji halipo. Wengine hujirekodi wakiimba kibwagizo, na mara nyingi hapo ndipo tunapoupata.

Nasi hatujitoi. Tumezoea kusema "hao walikuwa Morogoro Jazz" kisha tukaenda kwenye matangazo ya vifo. Ni mara ngapi tumekutajia aliyetunga au aliyepiga gitaa la solo? Chache mno.

Sababu ya kwanza ni jinsi bendi zilivyoendeshwa. Nyingi za zile kubwa zilikuwa mali ya mashirika ya umma au vyama. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayelipwa mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadilika: NUTA, JUWATA, OTTU, hadi Msondo Ngoma. Kilichobaki midomoni mwa watu ni jina la bendi au la mtindo wake: Msondo, Sikinde ya Mlimani Park, Saboso ya Western Jazz, Kiweka ya Atomic Jazz ya Tanga. Watu walishabikia mtindo kama wanavyoshabikia timu ya mpira, na mchezaji akihama, timu inabaki.

Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park, kisha Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Mwaka 2013 alipostaafu, ilijulikana kwamba baada ya miongo mitano ya kuimba hakuwa hata na gari. Diamond Platnumz akampa moja. Tunadhani vijana wengi walilisikia jina la Gurumo kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa sababu ya gari. Alifariki Aprili 2014.

Sababu ya pili ni kanda. Bendi ilikwenda studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, mashairi yakakaguliwa kwanza, wakapiga muziki wote kwa pamoja, wakalipwa mara moja, na kanda ikawekwa maktaba. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo waliotaka kutoa santuri walitegemea Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Nyimbo nyingi zikabaki kwenye rafu za redio moja tu. Linganisha na Les Wanyika, bendi ya Watanzania na Wakenya iliyofanya kazi Nairobi. "Sina Makosa" ilitoka kwenye santuri na hadi leo hakuna harusi isiyoijua.

Halafu kuna jambo dogo tunaloliona lilifanya uharibifu mkubwa. Wazee wetu walirekodi nyimbo kutoka redioni kwa redio kaseti zao. Mtu alisubiri mtangazaji amalize kusema ndipo abonyeze kitufe, maana hakutaka sauti ya mtangazaji iharibu wimbo. Lakini jina la mtunzi lilikuwa ndani ya sauti hiyo. Kaseti ile ikahamishiwa kwenye CD, CD ikaingia kwenye memori kadi inayojazwa nyimbo pale stendi, na leo simu yako inakuandikia "Zilipendwa 14".

Wengine walikufa mapema mno. Salum Abdallah, aliyeanzisha bendi Morogoro mwaka 1948 na kuifikisha kuwa Cuban Marimba, alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, hajafika miaka 40. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa Morogoro Jazz, akaiacha mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano. Naye ajali ilimuua Mombasa, Januari 1979, hajafika 35. Marijani Rajab, yule "Jabali la Muziki" wa Safari Trippers na Dar International, alifariki mwaka 1995. Redio binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza, na vijana waliozisikiliza walikua na Bongo Fleva.

Msikilizaji anaweza kuuliza: wimbo si bado unapendwa, jina lina faida gani? Jina ndilo linalobeba haki. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, haki za kifedha za tungo za Salum Abdallah zilikwisha mwaka 2015. Za Mbaraka zinafika 2029, na za Marijani 2045. Wimbo ukitumika kwenye tangazo la biashara, au kijana akiurudia, warithi wana la kudai, ila wakionyesha kwamba mtunzi ni baba yao. Kwa waliokuwa waajiriwa mambo ni magumu zaidi, maana kazi iliyotungwa kazini huweza kuwa mali ya mwajiri. Hata hivyo, haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi ni ya mtunzi mwenyewe.

Kama kwenu kuna santuri, hata iliyokwaruzika isiyopigika tena, tazama karatasi ya duara iliyo katikati. Chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo na mara nyingi ndani ya mabano, huandikwa jina la mtunzi. Ipige picha kwa simu kabla haijafutika. Kama mzee wa familia alitunga nyimbo, kusanyeni santuri, picha na barua za bendi, muwe na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kisha muulize COSOTA namna ya kusajili kazi zake.

Na kama yupo jirani aliyewahi kupiga rumba, besi au tarumbeta, mrekodi kwenye simu akitaja nani alipiga nini katika wimbo gani. Tutumie sauti hiyo kwa namba ileile ya salamu. Tukiupiga wimbo huo, tutawataja kwanza wao, ndipo bendi.