Kabla hujamnunulia mwanao mbwa wa uso bapa



Ndugu msomaji, leo tunazungumzia jambo lililoingia majumbani mwetu kupitia simu za watoto: mbwa mdogo mwenye uso bapa. Ni yule wa macho yaliyotokeza, mikunjo usoni na pua iliyodidimia, aitwaye Pug, pamoja na jamaa zake, Pekingese na buldogi wa Kifaransa. Mtoto humwona akikoroma kwenye video, akacheka, kisha akamwendea baba yake na kuomba anunuliwe. Mzazi wa Kiislamu ajibu nini?

Wengi hujibu kwa neno moja tu, "najisi", na mazungumzo yakaishia hapo. Neno hilo lina asili katika dini, ila halitoshi. Mtoto mwerevu atauliza mbona vijana wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, na mbona aya ya 4 ya Suratul Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefundishwa.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya unajisi wa mbwa. Madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, yanamhesabu mbwa mzima kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wahanafi wanasema unajisi umo katika mate yake. Wamaliki wanasema mbwa aliye hai ni tohara. Hata hivyo, hitilafu hiyo haiondoi hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kufuga mbwa asiyekuwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba hupungukiwa kila siku na thawabu kiasi cha qirat moja, na katika mapokezi mengine qirat mbili. Wanazuoni wengi wamemlinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba.

Sasa mtazame huyo Pug. Uzito wake ni kama kilo 6 hadi 8. Asili yake ni China, alikofugwa akae mapajani mwa wakubwa. Hachungi wala hawindi, na mwizi akiingia huenda akampokea kwa furaha. Ruhusa ya mlinzi haimfikii. Isitoshe, ziko hadithi zinazokataza thamani ya mbwa, na Mashafii wanaihesabu biashara hiyo kuwa batili.

Lakini tuseme umeshika kauli ya madhehebu mengine na nafsi yako imetulia. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo, kwa maoni yangu, ni zito zaidi, na ambalo ni nadra kulisikia mimbarini: hali ya mnyama mwenyewe.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kutweta: hewa hupita juu ya ulimi na ndani ya pua yenye unyevu, maji yakawa mvuke, joto likatoka. Mbwa wa uso bapa amefupishwa mifupa ya pua kwa watu kuchagua wazazi wake kizazi baada ya kizazi, lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi hicho. Zimesongamana. Tundu za pua ni nyembamba kama mpasuko, na kaakaa laini ni refu hata linaziba njia ya hewa. Ule mkoromo unaowachekesha watoto ni sauti ya pumzi inayotafuta pa kupita.

Mlete Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hewa ikiwa nzito kwa unyevu wa bahari. Akikimbizana na watoto uani saa saba mchana, anaweza kuzidiwa na joto na kufa siku hiyo hiyo. Mashirika mengi ya ndege hukataa kuwapakia kwa sababu hiyo. Macho yake huchubuka upesi. Mikunjo ya uso isiposafishwa na kukaushwa huota vidonda. Je, ni nani nyumbani atakayeifuta kila siku kisha ajitoharishe kwa ajili ya Swala? Mama? Msichana wa kazi?

Mwaka 2022 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walitangaza kwamba Pug hawezi tena kuhesabiwa mbwa wa kawaida kiafya. Uholanzi nayo imeweka masharti yanayozuia kuzalisha mbwa wa pua fupi mno. Anayenunua ndiye anayemwagiza mzalishaji alete mwingine.

Niseme pia na wanaolipenda neno "najisi" kwa sababu nyingine. Unajisi si ruhusa ya kumpiga mbwa mawe. Katika hadithi sahihi, mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake.

Kwa hiyo, kama tayari unaye, pengine umeachiwa na mwajiri aliyehama, usimtupe barabarani. Mweke kivulini penye upepo, maji yasikauke, asinenepe, na umtembeze kabla jua halijachomoza, kwa mkanda wa kifuani badala ya shingoni. Ukiona ulimi umegeuka rangi ya zambarau au anayumba, mmwagie maji ya baridi, mpepee, na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Ama mtoto anayelilia mnyama, paka hana uzito huo, hadithi ya Abu Qatada (R.A.) imebainisha kuwa si najisi. Ila epuka paka wa Kiajemi aliyezalishwa kwa uso uliobanwa, kwani naye hupata taabu ya pumzi na machozi. Paka wa mtaani mwenye pua yake kamili hupatikana bure, na jambo la kwanza la kumfanyia ni kumpeleka kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.