Maua Yetu, Sikukuu Zao

Ndugu wanakikundi, kuna kikundi cha akina mama kilinijia na taabu. Mwaka 2024 waliuza maua yao yote mwanzoni mwa Machi. Dalali wao hupeleka Uingereza. Mwaka 2025 wakahesabu wiki zile zile, wakapanda, wakakata. Dalali akawaambia, "Bado, soko liko chini." Lakini ua likishakatwa halingoji. Mengi yaliishia kwenye shimo la mbolea. Mweka hazina akaniuliza, "Dada, huyu mtu si ametulaghai?"

La, hakuwalaghai. Waingereza huadhimisha Siku ya Mama Jumapili ya nne ya Kwaresima. Hapo zamani watu walirudi siku hiyo kusali katika kanisa mama la kwao, na watumishi wa nyumbani wakapewa ruhusa ya kwenda kuona wazazi. Siku hizi ni siku kubwa ya kununua maua. Sasa, Kwaresima hufuata Pasaka, na Pasaka huhama. Mwaka 2024 siku hiyo ilikuwa Machi 10. Mwaka 2025 ikawa Machi 30. Siku hizo 20 ndizo zilizokula pesa za akina mama wetu. Na kama mnunuzi angekuwa wa Ujerumani au Marekani, Siku ya Mama huko ni Jumapili ya pili ya Mei!

Kila nchi ina historia yake. Warusi hununua maua kwa wingi Machi 8, Siku ya Wanawake. Mwaka 1917 wanawake wa Petrograd waliandamana siku hiyo wakidai mkate, na wiki moja baadaye mfalme akaacha kiti. Mwaka 1965 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko. Tena huko mtu aliye hai hupewa maua 3, 5 au 7. Ukimpelekea mawili au manne, hayo ni ya matanga.

Ufaransa na Poland, maua ya krisanthemamu hupelekwa makaburini Novemba 1, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mgeni akimletea mwenye nyumba, atashangaza watu. Uholanzi, ua hilo hilo huwekwa mezani bila neno.

Tusiwacheke. Hata sisi tuna yetu, na wahenga walisema desturi ni kama sheria. Anayenunua hanunui ua tu. Ananunua siku yake na maana yake.

Kabla ya kupanda, kikundi kimwulize dalali maswali haya, na katibu ayaandike katika kitabu cha kumbukumbu:

1. Maua yanaenda nchi gani?
2. Ni ya sikukuu gani, na mwaka huu ni tarehe gani?
3. Wanapenda rangi gani, na ipi ni ya msiba?
4. Baada ya sikukuu, bei huwaje?

Kisha hesabuni wiki kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo, si kutoka mwaka jana. Kuuliza si ujinga.