Malaria: homa imeisha, lakini mbu bado anaweza kuchukua ugonjwa

Mashariki mwa Congo, kila familia inajua jambo hili: mtoto anashikwa na malaria, anapelekwa kwenye kituo cha afya, anameza dawa siku 3, homa inashuka. Wazazi wanasema: «Amepona, hana tena kitu.» Ni kweli amepona. Lakini kwa siku nyingi, hata majuma kadhaa, mbu akimuuma anaweza kuchukua malaria na kuipeleka kwa jirani. Namna gani?

Jibu liko ndani ya kimelea chenyewe. Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria kali zaidi, ni kiumbe cha chembe hai moja tu. Kikiwa mu damu kinaingia ndani ya chembe nyekundu, na kila saa 48 kinaipasua na kutoa watoto wengi wanaoingia mu chembe zingine. Kazi hiyo ndiyo inaleta homa na kupunguza damu.

Lakini vimelea hivyo vya homa haviwezi kuishi ndani ya mbu. Ili kuhama, sehemu ndogo ya vimelea inabadilika kuwa aina nyingine: dume na jike. Hivyo havizaani tena mu damu, wala havileti homa. Vinachukua karibu siku 10 hadi 12 kukomaa, vingi vikijificha ndani ya uboho wa mifupa, kisha vinarudi mu damu kungojea mbu.

Kitabu kimoja, kurasa mbalimbali

Aina zote hizo zina jeni zile zile, zaidi ya 5 000. Ni kama kitabu cha nyimbo cha kanisa: kitabu ni kimoja, lakini siku ya ndoa wanafungua ukurasa huu, siku ya matanga wanafungua mwingine. Hata ndani ya mwili wa mtu ni vile vile: chembe ya ngozi na chembe ya ini zina jeni sawa, tofauti ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa.

Mu mwaka 2014, watafiti walionyesha kwamba jeni moja, AP2-G, ndiyo inaamua mabadiliko hayo. Ikiharibiwa, kimelea hakiwezi tena kutoa dume wala jike. Kwa kawaida jeni hiyo imefungwa, kwa sababu protini inayoitwa HP1 imeifunika. Mu mwaka 2018 ikajulikana kwamba protini nyingine, GDV1, inakuja kuondoa kifuniko hicho. Hapo AP2-G inaamka, inawasha jeni zingine, na kimelea kinashika njia mpya.

Kwa nini vimelea vyote havibadiliki? Kwa sababu vingekosa wa kuongezeka mu damu. Na kama hakuna hata kimoja kinachobadilika, ugonjwa ungeishia kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo vingi vinabaki kuzaana, vichache vinatayarisha safari.

Inabadili nini nyumbani?

Dawa zenye artemisinin, zile za siku 3, zinaua vizuri vimelea vya homa na vile vinavyoanza kubadilika. Vilivyokwisha kukomaa vinazistahimili zaidi. Kuna dawa nyingine, primakini, inayoviua, lakini haifai kwa kila mtu: haipewi mwanamke mwenye mimba, na kuna watu ambao inaweza kuharibu damu yao. Muganga ndiye wa kuamua.

Basi, kuwahi kituo cha afya siku ya kwanza ya homa kunasaidia watu wawili: mgonjwa, na jirani yake, kwa sababu vimelea vinakosa muda wa kukomaa. Dawa zimezwe zote, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Na yule aliyepona asinyang'anywe chandarua eti kipewe mwingine mwenye homa. Wote wawili walale ndani ya chandarua, kwa kuwa mbu anaweza kumuuma mwenye homa na asiye nayo.