Kilimo Hai cha Pamba: Chakula na Maji ya Mmea kwa Mkulima Anayeanza

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza nchini kwa kuzalisha pamba. Wilayani Meatu kilimo cha pamba kisichotumia mbolea za chumvichumvi wala dawa za viwandani kilianza mwaka 1994, katika mradi ambao sasa wajulikana kwa jina la bioRe. Kwa hiyo kilimo hai si jambo geni katika sehemu hizi. Hata hivyo kila mwanachama anayekianza kwa mara ya kwanza hukutana na maswali mawili yale yale. Ikiwa mbolea ya dukani imekatazwa, mmea utakula nini? Na mvua ikikatika mwezi wa Januari, utakunywa nini?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo mawili kwa hakika ni swali moja. Samadi bila maji haimfai mkulima, na maji katika udongo usio na samadi hayakai.

Kinachoondoka shambani

Mwanachama akipeleka kilo 100 za pamba mbegu kwenye ghala la chama chake, zaidi ya nusu ya uzito huo ni mbegu. Nyuzi ni karibu theluthi moja tu, au zaidi kidogo. Sasa, nyuzi za pamba mmea huzitengeneza hasa kwa hewa na maji, na huchukua chakula kidogo sana cha udongo. Mbegu ndiyo inayobeba naitrojeni na fosforasi iliyotoka shambani, na mbegu hiyo huenda kiwandani na hairudi tena. Kila msimu shamba hutoa sehemu ya nguvu zake na kuzipakia katika lori. Mkulima asiporudisha kitu, baada ya miaka michache udongo wa luseni, ambao kwa asili una mchanga mwingi na rutuba kidogo, hubaki mtupu.

Mkulima wa kilimo hai, basi, hapaswi kufikiri juu ya kuulisha mmea. Yampasa kuulisha udongo, nao udongo utaulisha mmea polepole, kadiri unavyohitaji.

Samadi iliyoiva na samadi mbichi

Wasukuma ni wafugaji, na katika kaya nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu samadi imelala bomani kwa miaka mingi bila kuguswa. Majaribio yaliyofanywa tangu zamani katika kituo cha Ukiriguru yameonyesha kwamba pamba ya kanda hii huitikia samadi vizuri. Lakini si kila samadi ni mbolea. Samadi iliyoachwa juani miezi mingi imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya naitrojeni, na iliyopigwa na mvua imekwisha kuoshwa. Samadi mbichi nayo huunguza miche michanga na kuleta mbegu za magugu ambazo ng'ombe hakuzisaga.

Inafaa samadi ichimbwe bomani wakati wa kiangazi, irundikwe chini ya kivuli, inyunyizwe maji kidogo, kisha ifunikwe kwa nyasi au udongo mpaka iive. Samadi iliyoiva hutambulikana kwa urahisi: ni nyeusi au kahawia iliyokolea, haina harufu kali, na huvunjikavunjika mkononi kama udongo mzuri wa msituni.

Kiasi kinachofaa kwa anayeanza ni tani 2 hadi 4 kwa ekari. Ikiwa mkokoteni wa ng'ombe umebeba kilo 400, tani 2 ni mikokoteni mitano. Asiye na mikokoteni mitano asikate tamaa, bali aanze na robo ekari iliyo karibu na nyumba. Mikokoteni miwili itaitosha. Ni afadhali robo ekari iliyoshiba kuliko ekari nne zilizoonjeshwa tu. Samadi ikiwa chache sana, isitawanywe shamba zima, bali itiwe katika mifereji ya kupandia na kuchanganywa na udongo kabla ya mbegu kuwekwa.

Shimo la mboji

Kaya isiyo na ng'ombe inaweza kutengeneza mboji. Katika nchi kavu kama hii shimo hufaa kuliko lundo la juu ya ardhi, kwa kuwa hutunza unyevu. Hupangwa tabaka kwa tabaka: majani makavu na mabua yaliyokatwakatwa, kisha majani mabichi au mabaki ya choroko na kunde, kisha samadi kidogo au kinyesi cha kuku, kisha udongo kidogo na majivu kidogo. Kila tabaka hunyweshwa. Wakati mwema wa kuanza ni mwezi wa Aprili au Mei, nyasi zikiwa bado mbichi na maji yakiwa bado karibu. Anayengoja mpaka Septemba atalazimika kuchota maji ya shimo kutoka kisima kile kile cha kupikia.

Kijiti kirefu kichomekwe katikati na kuchomolewa baada ya siku chache. Kikiwa cha moto na kimelowa, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, maji yaongezwe. Kikiwa baridi na chenye harufu mbaya, maji yamezidi, na yapasa mboji igeuzwe. Mboji ikigeuzwa kila baada ya wiki tatu, kwa kawaida huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu.

Tahadhari moja ni muhimu. Mashina ya pamba yasitiwe katika shimo la mboji, kwa sababu huhifadhi funza na magonjwa ya msimu unaofuata. Kanuni za zao la pamba zinataka yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno. Majivu yake ndiyo yanayoweza kurudi shambani.

Maji: ndoo elfu sita kwa mvua moja

Pamba ya Simiyu hunyweshwa na mvua, wala hakuna kaya iwezayo kumwagilia ekari kwa ndoo. Hesabu yenyewe inaonyesha. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya ekari moja huleta lita zipatazo 120,000, yaani ndoo 6,000 za lita 20. Katika shamba lililoachwa tambarare lenye mteremko, sehemu kubwa ya ndoo hizo hukimbilia korongoni, zikichukua na samadi aliyohangaika nayo mkulima kiangazi kizima.

Dawa yake ni matuta yanayokata mteremko, na kati ya tuta na tuta vizuizi vya udongo kila baada ya mita mbili hivi. Vizuizi hivyo viwe vifupi kuliko matuta, ili mvua ikizidi, maji yapite juu ya kizuizi na kufuata mfereji, yasije yakalivunja tuta lenyewe. Hivyo kila kijisehemu huwa kama beseni dogo, na maji huzama mahali yalipoangukia. Samadi iliyomo udongoni huyapokea na kuyashika kama sifongo. Hapo ndipo chakula na maji hukutana.

Lakini utaratibu huu ni wa luseni na udongo mwingine unaonywa maji upesi. Katika mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, vizuizi huleta hasara, kwa sababu maji yakituama mizizi hukosa hewa na majani huwa ya manjano. Huko matuta yaachwe wazi ili maji yatoke. Aidha katika mbuga unyevu unaosalia mwishoni mwa mvua ni mali, kwani ndio unaootesha dengu. Dengu, choroko na kunde hurudisha naitrojeni kwa njia ya mizizi yake, hivyo kupanda jamii hiyo kwa zamu na pamba ni kulisha shamba bila mkokoteni.

Palizi nayo ni sehemu ya kunywesha. Gugu halina adabu: hunywa kwanza. Shamba lililopaliliwa mapema huvumilia ukavu wa Januari na Februari kuliko lililochelewa.

Kusoma dalili

Mkulima mgeni huona jani limelegea akadhani mmea una kiu. Jani likilegea saa sita mchana na kusimama tena jioni, mmea unajikinga na jua tu. Likiwa bado limelegea alfajiri, basi upo upungufu wa maji au ugonjwa wa mizizi. Manjano yanayoanza katika majani ya chini na kupanda juu ni njaa ya naitrojeni. Mmea mrefu, wenye majani mengi ya kijani kizito na vitumba vichache, umelishwa kupita kiasi, na huwaita vidukari.

Kwa njaa ndogo ipo mbolea ya maji. Samadi iliyoiva hutiwa katika gunia, likatumbukizwa ndani ya pipa la maji kwa wiki mbili hadi tatu, likitikiswa mara kwa mara. Kisha sehemu moja ya maji hayo huchanganywa na sehemu mbili za maji safi na kumwagwa shinani, si juu ya majani, udongo ukiwa umekwisha kulowa. Kazi hii yafaa kwa robo ekari ya anayeanza, si kwa shamba kubwa.

Jaribu la Januari

Msimu wa kwanza na wa pili ndiyo migumu. Udongo uliozoea kupewa chakula cha haraka huchukua muda kuzoea samadi, na mavuno huweza kupungua. Nyongeza ya bei nayo kwa kawaida huja baada ya kipindi cha mpito, ambacho kwa soko la Ulaya ni angalau miezi 24 kabla ya kupanda. Katika hali hiyo mwanachama huona pamba yake imekuwa ya manjano, na ng'ambo ya mpaka pamba ya jirani ni ya kijani. Jirani mwema humpa kopo la yurea, au humwazima bomba la kupulizia lenye mabaki ya dawa.

Hapo ndipo mengi huharibika. Kopo moja laweza kuurudisha mpito wake mwanzo. Nalo likifichwa, pamba hiyo ikachanganywa na ya wenzake ghalani, hatari huwa ya kikundi kizima. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inataka kikundi kiwe na hadhi ya mtu kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na kiwe na utaratibu wake wa ndani wa ukaguzi. Maana yake ni kwamba kila mmoja hujibia uaminifu wa mwenzake.

Mwanachama aliyeteleza na aseme mapema. Shamba moja likitolewa, ni hasara ya kaya moja. Likigunduliwa ghalani, ni hasara ya wote.

Wajibu wa chama

Haitoshi chama kumkataza mwanachama yurea bila kumsaidia kupata samadi. Wapo wenye ng'ombe wengi na shamba dogo, na wapo, hasa wajane na vijana, wenye shamba na wasio na ng'ombe hata mmoja. Kwa kawaida hao wa pili hubeba samadi kichwani kwa karai. Inafaa kamati ifanye hesabu mwezi wa Julai: ni boma gani lina samadi, ni nani ana mkokoteni, ni nani anahitaji. Samadi isombwe kati ya Julai na Septemba, maksai wakiwa hawana kazi ya jembe, ili iwe imeiva na kuingia udongoni kabla ya kupanda kati ya Novemba 15 na Desemba 15. Kitabu cha chama kionyeshe tarehe, boma ilikotoka samadi, idadi ya mikokoteni na shamba ilikokwenda. Kitabu hicho ndicho mkaguzi atakachokiomba kwanza.

Kadhalika kamati ihakikishe kwamba mbegu zinazogawiwa kwa wanachama hawa hazikutiwa dawa, na kwamba pamba yao ina mahali pake ghalani.

Mvua haingoji mkutano mkuu. Chama kitakachohesabu mikokoteni yake kiangazi hiki kitakuwa na jambo la kumwambia mwanachama pamba yake itakapogeuka manjano mwezi wa Januari.