Baada ya Msiba, Anza na Kidogo
Matanga yakishaondolewa, wapo wanaoapa kubadili maisha yote kwa wiki moja, kisha wakakata tamaa. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, ulifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, kila mmoja ya kwake: kwa wastani mazoea yalishika baada ya siku 66, ila wengine siku 18 tu, na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo dakika kumi za kutembea kila baada ya chai ya asubuhi zinashinda kiapo kikubwa. Utasema aliyefiwa hana nguvu hata ya kuoga. Kweli, na ndiyo sababu ya kuanza na kidogo. Lakini usingizi na hamu ya kula vikigoma kwa majuma, nenda hospitali.