Umenunua Keja Buru na Kuna Mpangaji Ndani? Cheki Rada Kabla Upoteze Doh

Umesaka keja Buru, Umoja ama Donholm, ukapata moja fiti. Shida ni moja: kuna msee anaishi ndani na analipa rent.

Usidhani ukishika hati atahama kesho. Wapi! Umenunua nyumba pamoja na mpangaji wake, wewe ndio lanlodi mpya. Kama hulipa mwezi kwa mwezi, mpe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Kama ana mkataba wa mwaka, utangoja uishe ama muelewane. Kumtolea mlango ama kumkatia stima ni kujitafutia kesi.

Hapa ndipo doh inapotea. Kama umechukua mkopo wa benki, KRA hukuruhusu kuondoa riba hadi 360,000 kwa mwaka kwa mapato yako kabla ya kukatwa ushuru. Kwa msee anayekatwa asilimia 30, hiyo ni hadi 9,000 kila mwezi. Lakini lazima uishi humo mwenyewe. Mpangaji akikaa, hupati kitu, na rent yake ikipita 288,000 kwa mwaka, unalipa ushuru wa asilimia 7.5.

Tena, ukiishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza, unasamehewa ule ushuru wa asilimia 15 wa faida. Miaka huhesabiwa tangu uhamie, si tangu upate hati.

So kabla utie sahihi, ambia wakili wako aandike hivi: keja ikabidhiwe tupu, na salio lisitoke mpaka hiyo siku.