Kamera Ikigoma, Usitumie Nguvu

Hendo haizunguki, kitufe hakibonyei, na lenzi imeng'ang'ania kama kupe. Wenye Hasselblad 500 C/M wanaijua hali hiyo, na wengi huiharibu kamera katika dakika tano zinazofuata, kwa kukaza mkono. Kabla ya hapo, mara nyingi hakuna kitu kilichovunjika.

Kamera hii ya Sweden ilitoka mwaka 1970 kurithi 500 C ya mwaka 1957. Inatumia filamu ya 120, ule mkanda wa upana wa takriban sentimita sita unaoviringishwa pamoja na karatasi ya kuzuia mwanga, na hutoa picha 12 za mraba. Haina betri. Ni springi na gia tupu, na ndiyo maana hata leo fundi mtulivu anaweza kuifufua.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba hii si kamera moja. Ni vitu vitatu vilivyoshikana: lenzi, mwili, na kasha la filamu nyuma. Shata, yaani vijibati vyembamba vinavyofunguka kupitisha mwanga, haimo mwilini. Imo ndani ya kila lenzi. Kwa hiyo ukizungusha hendo unakoki mwili na lenzi kwa pamoja, kama mtu anayekoki bunduki mbili kwa mkono mmoja. Kinachounganisha hizo mbili ni mhimili mdogo wenye mfereji kichwani, unaofanana na skrubu. Ukibadilisha lenzi, na ile mpya imefyatuka ilhali mwili umekokiwa, mihimili haikubaliani. Ukilazimisha iingie, umepata mkwamo.

Lenzi ikiwa nje, tiba ni rahisi. Tazama mgongo wake: mfereji wa mhimili unatakiwa kuelekea nukta nyekundu. Kama haujaelekea, uzungushe kwa bisibisi bapa upande wa mshale wa saa hadi usikie mlio na mfereji usimame kwenye nukta. Mwili nao ukoki kwa hendo. Sasa vyote vimekubaliana, na lenzi itaingia bila ubishi.

Lenzi ikikwama ikiwa mahali pake, kazi inafanyika kupitia nyuma. Ingiza kibati cha kuzuia mwanga, toa kasha la filamu, kisha sukuma taratibu vile vibao viwili vyeusi vilivyoziba njia. Kwa ndani, kando ya kioo cha nyuma cha lenzi, utaona kichwa cha mhimili. Tumia bisibisi bapa yenye shingo ndefu, uiviringishe utepe ili isikwaruze, uzungushe upande wa mshale wa saa kwa chini ya mzunguko mmoja, hadi mlio usikike. Hapo lenzi hufunguka. Taa iwe kali na mkono usitetemeke, maana bisibisi ikiteleza inatua juu ya kioo. Mwenye wasiwasi ampe fundi, hakuna aibu. Na kama umeunga mirija ya kupigia picha za karibu, anza kutoa lenzi kwenye mrija, kisha mrija kwenye mwili. Kuvuta vyote kwa mkupuo ni njia ya uhakika ya kurudi mahali ulipokuwa.

Yapo pia malalamiko ambayo si ugonjwa kabisa. Ukishapiga picha, dirisha la kutazamia huwa jeusi. Kioo cha ndani kimepanda na hakishuki mpaka uzungushe hendo, ndivyo kilivyoundwa. Jingine ni picha za kasi ya pole kutoka na giza. Vile vibao vyeusi vya nyuma hubaki wazi kwa muda ambao kidole kipo kwenye kitufe. Ukiweka nusu sekunde kisha ukaachia upesi, vibao vinafunga kabla shata haijamaliza. Shikilia hadi mlio wa gia uishe. Na kitufe kikigoma kabisa, tazama kwanza kama kibati bado kimo kwenye kasha. Kikiwemo, kamera inakataa kupiga, na inafanya sawa.

Matatizo ya mwanga kuvuja ndiyo yanayonivutia kuliko yote, kwa sababu ushahidi wake umeshachapwa kwenye filamu. Ukishasafisha mkanda, usikimbilie picha. Tazama pembezoni mwa negetivu, nje ya mraba. Ukiona weusi umevuka mpaka wa picha na kuingia kwenye ukingo ulio wazi, mwanga uliingilia kwenye kasha, au filamu ilikuwa imelegea kwenye kijiti chake ulipoitoa. Weusi ukiishia ndani ya mraba tu, ulipita mwilini au kwenye lenzi. Tofauti hiyo ndogo inaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Mhalifu wa kawaida ni mpasuo wa kuingizia kibati. Ndani yake kuna kipande cha sponji na utando mwembamba vinavyoziba mwanga kibati kikitolewa. Vikichakaa, mstari wa mwanga hujitokeza ukingo uleule wa fremu, picha baada ya picha. Kuthibitisha, piga fremu kadhaa juani baada ya kuiacha kamera dakika chache kibati kikiwa nje, kisha nyingine ukiwa umefunika kasha kwa kitambaa kizito cheusi. Mstari ukitoweka kwenye hizo za pili, umempata. Kubadilisha sponji na utando ni kazi ndogo ya mezani. Kibati chenyewe kiingize kikiwa kimenyooka. Ukitanguliza pembe moja, unaacha mwanya.

Fremu zikipandana, kagua kama ulilinganisha mshale wa karatasi na alama ya kasha wakati wa kuweka filamu. Ukinunua kasha la mtumba, chomoa sehemu ya ndani na usome namba: tarakimu tatu za mwisho zinatakiwa kufanana na za ganda la nje. Zisipofanana, kuna mtu aliyechanganya makasha mawili, na mpangilio wa fremu unaweza kuyumba. Mimi huanza na namba hizo kabla ya kuuliza bei.

Kwa sisi wa pwani, kuna adui wa kimyakimya. Grisi ya zamani hukauka au husambaa, na kasi za pole ndizo hulalamika kwanza. Weka sekunde moja, rekodi mlio kwa simu, upime urefu wake. Ukikuta sekunde moja na nusu, shata inahitaji kusafishwa na fundi. Usitie mafuta, nakusihi. Mafuta hutambaa hadi kwenye vijibati vya shata na kuvigandisha. Unyevu nao huotesha kuvu kwenye vioo, na kuvu ikishakula utando wa kioo, alama haiondoki. Hifadhi lenzi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vijipakiti vya kunyonya unyevu, si kwenye mkoba wa ngozi.

Na ukiamua kwenda kwa fundi, beba negetivu zenye kasoro pamoja na kamera. Mwambie ni lenzi ipi ilikuwa mbele, ni kasha lipi lilikuwa nyuma, na kama kuna mahali ulipolazimisha.